Karani wa Benki Aliyehesabu Kofia

Desemba ile nilikuwa New Jersey, Marekani, namalizia muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Mitihani imekwisha, hosteli tupu, tarehe ya safari bado, na hela, kama tunavyoijua hela ya mwanafunzi, ilishakata. Ukutani pakabandikwa tangazo: wanatakiwa watu wa kujitolea kuhesabu ndege siku nzima, mchana kuna supu ya moto. Nilienda kwa ajili ya supu, sioni haya kusema.

Tulitoka alfajiri kungali giza, watu watano na darubini nne. Mimi nilikuwa nawajua kunguru na shomoro tu, basi nikapewa daftari. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa umri wa bibi yangu. Nikamwita mama kwa mazoea ya nyumbani, akacheka, akaitika. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba kalamu ya wino ikagoma, tukahamia penseli. Mnamo saa nne tukafika kwenye bwawa ambalo kila mwaka huwa na bata. Lote lilikuwa barafu tupu, ndege hakuna. Nikafunga daftari. Yule mama akaniambia nilifungue, niandike tumefika saa ngapi, tumekaa muda gani, tumetembea umbali gani. Bila hayo, alinieleza, hakuna atakayeweza kulinganisha mwaka huu na uliopita, na bwawa lisilo na ndege nalo ni jibu. Mimi nasoma uhasibu, kwa hiyo hapo nilimwelewa mara moja. Nikamuuliza ni nani aliyeanzisha utaratibu huu. Akasema alikuwa karani wa benki.

Nikadhani ananitania. Nyumbani tayari nimeshapangiwa benki. Baba anaizungumzia kama vile barua ya ajira iko mfukoni mwake. Usiku ule, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, nikaanza kumsoma Frank Michler Chapman.

Alizaliwa mwaka 1864 hukohuko New Jersey. Baba yake, mwanasheria, alifariki Frank akiwa bado mtoto. Chuo kikuu hakukanyaga. Mwaka 1880, akiwa na miaka 16, akaingia benki moja ya New York, akakaa miaka sita. Kazi ilikuwa nzuri na mshahara wa uhakika, ile ambayo shangazi zako wangeisherehekea kwa pilau.

Ila alikuwa na ugonjwa wa ndege. Mwaka 1884 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitafuta watu wa kujitolea waandike ndege wahamao wanapita lini na wapi. Chapman akajiandikisha. Alikuwa akiamka alfajiri, anazunguka porini na daftari, kisha anawahi treni ya kwenda kazini. Taarifa yake ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa. Hapo ndipo wakubwa wa fani walipolisikia jina lake.

Halafu kikaja kisa cha kofia. Enzi hizo wanawake wenye uwezo walivaa kofia zilizopambwa manyoya, na si manyoya peke yake: mabawa, vichwa, hata ndege mzima aliyekaushwa. Mwaka 1886 Chapman alitembea mara mbili katika mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia vichwani mwa watu. Kofia 700. Zenye manyoya ya ndege zilikuwa 542, yaani zaidi ya tatu katika kila nne. Na kwa kuwa macho yake yalishazoea porini, aliweza kutaja aina 40 za ndege wa nchi ileile, wamekaa juu ya vichwa kama wako mtini. Orodha akaipeleka kwenye gazeti la wawindaji na wapenda pori. Mimi naipenda sehemu hii kuliko zote. Hakumtukana mtu, alileta hesabu tu, kama karani anavyoweka vitabu mezani na kungoja uone mwenyewe pengo liko wapi.

Mwaka huohuo aliacha benki. Nikiwaza sura ya baba yangu ningefanya hivyo, nacheka peke yangu. Mwaka 1888 akapata kazi ya msaidizi katika jumba la makumbusho ya viumbe la New York, American Museum of Natural History, na hakuondoka tena mpaka alipostaafu mwaka 1942. Mwaka 1908 akawa msimamizi wa mkusanyo wa ndege. Alitunga kitabu cha kuwatambua ndege wa mashariki ya Amerika Kaskazini, akafanya uchunguzi Kolombia na Ekuado, na Chuo Kikuu cha Brown kikampa udaktari wa heshima. Shahada ya kwanza hana, bwana, udaktari anao.

Lakini wanaomchora kama malaika wanaruka kurasa. Elimu ya ndege wakati ule ilifanywa kwa bunduki: unampiga, unamkausha, unamwekea lebo. Mwaka 1889 Chapman alikuwa Florida, kwenye mto Sebastian, akakuta kundi la kasuku wa Carolina, wa kijani wenye vichwa vya njano. Alijua wamebaki wachache, na bado alipiga kadhaa kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1904 aliwaona tena karibu na ziwa Okeechobee. Walikuwa 13. Watu wachache sana waliwaona porini baada yake. Wa mwisho aliyekuwa akifugwa alikufa mwaka 1918 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, na leo kasuku hao hawapo. Nimejaribu kumtetea kichwani mwangu nikashindwa. Nimejaribu kumhukumu, nayo hainikai sawa.

Hesabu ya Krismasi yenyewe inaangukia katikati ya hayo. Palikuwa na desturi ya sikukuu: wanaume wanagawana timu mbili, wanaingia porini na bunduki, wanaua chochote chenye manyoya au mabawa, na jioni timu yenye rundo kubwa ndiyo mshindi. Chapman alikuwa mhariri wa Bird-Lore, jarida alilolianzisha mwaka 1899. Desemba 1900 akawapendekezea wasomaji wake mashindano yaleyale, ila mtu ahesabu badala ya kuua, kisha amtumie orodha. Krismasi ile walijitokeza watu 27 katika sehemu 25, kuanzia Toronto hadi California, wakaona aina 90 hivi. Yeye mwenyewe alihesabu Englewood, New Jersey. Siku hizi kila kundi hupewa duara la upana wa kilomita 24, huchagua siku moja kati ya Desemba 14 na Januari 5, na wanaojitokeza ni makumi ya maelfu. Alifariki mwaka 1945, na mwaka huo pia watu walihesabu.

Nilirudi Dar na penseli ile. Baba hajaambiwa chochote bado. Mtihani wa mwisho ni Juni, na fomu za benki ziko mezani, nusu nimejaza. Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya hosteli kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja na nusu. Kunguru 61, wote wale wa kutoka Bara Hindi tunaowalalamikia kila siku. Shomoro 14. Chozi mmoja kwenye maua ya mlinzi. Nusu saa ya mwisho, hakuna kipya. Nimeandika hivyohivyo.