Sumner: Mkono mmoja, miaka tisa ya kutafuta

Wengi wetu huku mpakani tunaijua urea kama mbolea ya gunia. James Sumner aliitumia kupimia jambo ambalo wakubwa wa sayansi walilikataa.

Alizaliwa Canton, Massachusetts, Marekani, mwaka 1887. Akiwa na miaka 17 mwenzake alimpiga risasi kwa bahati mbaya wakiwinda, akakatwa mkono wa kushoto, nao ndio aliozoea kuutumia. Alijifunza upya kwa wa kulia. Pale Harvard, Profesa Otto Folin alimshauri aache kemia, asome sheria. Hakukubali, na mwaka 1914 alipata udaktari.

Mwaka 1917, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, alianza kutafuta ureasi, kimeng'enya kilichomo katika aina fulani ya maharage. Kimeng'enya huharakisha mabadiliko ya kikemia, na nguvu yake hujulikana kwa kazi kinayofanya. Sumner alikichanganya na urea, akapima amonia iliyotoka kwa dakika 5 katika joto la nyuzi 20. Mwaka 1926 alipata fuwele zilizoupita unga wa maharage mara mamia kwa nguvu, gramu kwa gramu. Zilikuwa protini.

Richard Willstätter wa Ujerumani na wafuasi wake walibisha. Mwaka 1930 John Northrop akapata fuwele za pepsini, nazo pia protini. Mwaka 1946 Sumner alishiriki Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1955.

Sisi tuliosoma ukimbizini vyeti vyetu hutiliwa shaka. Ndiyo maana namsimulia Sumner darasani: tupimwe kwa kazi.