Tom Campbell Black: rubani wa mashindano aliyeanza kwa mchango

Kwetu Kikatiti ndege inayoshuka KIA haimwinui mtu shingo tena. Katika toleo hili tumeona tumkumbuke mmoja wa walioanzisha biashara ya usafiri wa anga Afrika Mashariki, kwa sababu naye alianza kama tunavyoanza sisi, kwa kuchangishana.

Tom Campbell Black alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1899. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kijana, akawa rubani wa kijeshi. Baadaye alihamia Kenya akawa mlowezi. Mwaka 1928 yeye na wenzake wawili waliweka fedha pamoja, wakanunua ndege iliyokwishatumika, aina ya DH.51, jina lake Miss Kenya. Ndiyo ndege ya kwanza kusajiliwa nchini humo. Sisi tunaoshika daftari la chama tunajua ilivyo kazi watu watatu kumiliki hata trekta moja bila kugombana.

Mwaka uliofuata alipata mbia mwenye mtaji, mjane Florence Kerr Wilson, wakaanzisha Wilson Airways mjini Nairobi. Mama alitoa fedha, Black akaendesha kazi. Walianza na Gipsy Moth moja. Kampuni ilikua hadi kupeleka barua na abiria Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Tusidanganyane: nauli zile hazikuwa za babu zetu. Abiria walikuwa walowezi, maofisa wa serikali na matajiri waliokuja kuwinda.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha mwaka 1931. Ernst Udet, rubani wa Kijerumani aliyehesabiwa kuangusha ndege 62 wakati wa vita, alikuwa amekuja Tanganyika kupiga filamu ya wanyama kutoka angani. Akiwa njiani kurudi kwao, alilazimika kutua nyikani Sudan, karibu na mto Nile, akakwama huko. Aliyemtafuta hadi akamwona ni Black. Miaka 13 tu nyuma wawili hao walikuwa majeshi ya maadui. Black alishuka, akamwokoa.

Mwaka 1932 aliacha kampuni, akaenda kuwa rubani wa tajiri mmoja wa Uingereza. Oktoba 1934, pamoja na Charles Scott, aliingia mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Walipokaribia Darwin injini moja ilianza kusumbua, mbele yao kukiwa bado na bara zima. Waliipunguza nguvu, wakaendelea kwa kuitegemea ile nyingine. Walifika wa kwanza kwa takriban saa 71, na zawadi ilikuwa pauni 10,000.

Septemba 1936 mwanafunzi wake wa urubani kutoka Kenya, Beryl Markham, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Wiki mbili baadaye, tarehe 19, Black alikuwa Liverpool akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege yake ilikuwa ingali chini uwanjani ilipogongwa na ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua. Alifariki akiwa na miaka 36. Mashindano yalifanyika bila yeye, na aliyefika Johannesburg ni Scott, akiwa na mwenzake mwingine.

Wilson Airways haikuvuka Vita ya Pili, ila uwanja wa Wilson pale Nairobi unaitwa kwa jina la yule mama. Miss Kenya ilirudishwa Uingereza, ikatengenezwa, na bado huruka.