Muyaka bin Haji, Malenga wa Mvita

Ukitaja jina la Muyaka darasani, wengi wetu tunakumbuka mtihani tu: vina, mizani na mishororo. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Nilidhani alikuwa mtu wa vitabu. Kumbe maishani mwake hakuona hata kitabu kimoja chenye jina lake!

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Mazrui, waliokuwa wakikaa Ngomeni, yaani Fort Jesus, naye alikuwa rafiki yao mkubwa. Tungo nyingi za Kiswahili zilizohifadhiwa kutoka kabla yake ni tenzi ndefu za dini, hasa za Pate na Lamu. Muyaka akashika shairi la mishororo minne, akalitia mambo ya mtaani: mapenzi, ndoa, marafiki wasioaminika, ufukara, na siasa ya mji. Hapo ushairi ukatoka msikitini ukaenda sokoni. Redio haikuwapo wala gazeti. Shairi zuri lilitoka mdomo hadi mdomo, mtu akilisikia barazani analibeba mpaka kwake, kesho linasemwa mtaa wa pili.

Na siasa yake haikuwa mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mombasa na Pate walipigana na Lamu huko Shela, wakashindwa vibaya. Muyaka aliwapiga vijembe watu wa Lamu kwa mashairi, na malenga wao, Zahidi Mngumi, naye hakunyamaza. Wakawa wanajibizana, kila mmoja akiusemea mji wake. Liwali Abdallah bin Ahmed alipokataa kumtii Seyyid Said wa Oman, Muyaka alikuwa upande wa liwali, na mashairi yake yalikuwa ya kuwatia watu moyo. Lakini mwaka 1837 Seyyid Said aliipata Ngome, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa mbali. Fikiria uchungu wa mzee huyo, rafiki zake wote wameondoka. Alifariki yapata mwaka 1840.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtunzi amekufa, watawala aliowasifu wametawanyika. Nani angejali kuyahifadhi mashairi yale? Yalibaki vichwani mwa watu kwa miaka kama 40 hivi, na kila mzee aliyekufa huenda alikwenda na kadhaa.

Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa hapa hapa Mombasa. Aliyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, na kuyaeleza maneno magumu kwa mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa akijifunza Kimvita. Sisi tunamtaja Muyaka kila mwaka, lakini Sikujua ni nani anamtaja? Kwa maoni yangu bila yeye tusingekuwa na la kusoma.

Karatasi za Taylor zikaishia London, katika chuo cha SOAS. Kutoka huko William Hichens akazitengenezea diwani, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Ati Johannesburg! Miaka 100 baada ya kufa, malenga wa Mvita anachapwa Afrika Kusini. Na kufikia wakati huo Kimvita chenyewe kilikuwa kimeshindwa uchaguzi: mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, uliamua kwamba Kiswahili sanifu kitegemee lahaja ya Unguja. Ndiyo maana mwenzetu wa bara akimsoma Muyaka anahitaji maelezo chini ya ukurasa, na bibi wa Kibokoni haulizi chochote.

Hatimaye mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, naye mzaliwa wa Mombasa, alitoa kitabu kizima juu yake, kilichochapishwa Nairobi, mashairi pamoja na tafsiri na historia ya kila tukio. Hicho ndicho kitabu kilichonitoa mimi kwenye vina na mizani. Anayetaka kuanza, aanze na yale ya majibizano na Lamu, asome kwa sauti, tena barazani ikiwezekana.