Yoshizawa: Mchuuzi wa vitoweo aliyeifunza dunia kukunja maua ya karatasi

AKIRA Yoshizawa aliaga dunia mnamo Machi 14, 2005, siku ile ile aliyotimiza umri wa miaka 94. Urithi mkubwa aliouachia ulimwengu haukuwa mali wala majengo. Ulikuwa vistari vichache vya wino na mishale midogo, alama ambazo kwazo mtoto wa shule huko Uriri, Kaunti ya Migori, anaweza kukunja ua la karatasi sawasawa na mwenzake wa Tokyo pasi na wawili hao kuzungumza lugha moja.

Sanaa yenyewe huitwa origami, neno la Kijapani lililoundwa kwa maneno mawili: kukunja na karatasi. Ni kongwe mno kuliko Yoshizawa. Kwa karne nyingi Wajapani walikunja korongo, mashua na maua, na ujuzi huo ukapita kutoka kwa mama hadi kwa binti, mkono kwa mkono. Hata hivyo, wengi waliuona kuwa mchezo wa watoto, kitu cha kupitisha muda siku ya mvua. Hakuna aliyedhani kwamba mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kuufanya kuwa kazi ya maisha yake.

Yoshizawa alizaliwa Machi 14, 1911 katika mji mdogo wa Kaminokawa, mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa jiji la Tokyo. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kukunja karatasi alikupenda tangu utotoni, lakini maisha hayakumruhusu kucheza kwa muda mrefu. Alipofika umri wa miaka 13 alikwenda Tokyo kufanya kazi kiwandani.

Huko kiwandani ndiko mchezo wa utotoni ulipogeuka kuwa elimu. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alipandishwa cheo akawa mchoraji wa michoro ya kiufundi, na miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuwafunza vibarua wapya jiometria. Badala ya kuwachosha kwa maelezo, aliwapa karatasi. Pembe, mishazari na nusu ya nusu vilionekana wazi mbele ya macho yao kila karatasi ilipokunjwa.

Mwaka wa 1937 alifanya uamuzi uliowashangaza wengi: aliacha kazi ya kiwandani ili ajitolee kikamilifu kwa origami. Gharama yake ilikuwa kubwa. Kwa takriban miaka 20 aliishi katika ufukara, akijikimu kwa kuchuuza tsukudani nyumba hadi nyumba. Hiki ni kitoweo cha samaki wadogo au mwani unaotokoswa katika mchuzi wa soya na sukari hadi ukolee. Mkazi wa Nyanza anayeijua omena hahitaji maelezo zaidi kuhusu aina ya biashara aliyoifanya, wala kuhusu faida ndogo ipatikanayo kwa kutembeza chakula cha namna hiyo milangoni mwa watu.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, Yoshizawa alitumikia jeshi katika kikosi cha matibabu huko Hong Kong. Hapo alikunja karatasi ili kuwachangamsha wagonjwa waliolala vitandani. Hatimaye yeye mwenyewe aliugua, akarejeshwa Japani, na vita vilipokwisha akarudi kwenye uchuuzi wake na karatasi zake.

Mlango ulifunguka alipokuwa na umri wa miaka 40. Jarida la Asahi Graph lilimwagiza atengeneze wanyama 12 wa falaki ya Kijapani, na picha zao zikachapishwa Januari 1952. Jina lake likajulikana nchini kote. Mwaka wa 1954 alichapisha kitabu chake kuhusu sanaa mpya ya origami, na mwaka huo huo akaanzisha kituo cha kimataifa cha origami jijini Tokyo. Mwaka uliofuata, kazi zake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Stedelijk jijini Amsterdam, Uholanzi, kwa juhudi za Mmarekani Gershon Legman.

Mchango wake wa kudumu zaidi, hata hivyo, ulikuwa kutatua tatizo lililowakwaza wanagenzi wote. Kabla yake, aliyetaka kujifunza kukunja ua alihitaji mwalimu wa kumketisha kando na kumwonyesha. Maelezo ya maneno matupu yalimchanganya msomaji, na michoro ya vitabu ilitofautiana kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine.

Yoshizawa, aliyekuwa amezoea michoro ya kiwandani, alibuni alama za kudumu. Mstari wa vistari vifupi vifupi humaanisha mkunjo wa bonde, yaani karatasi ikunjwe kuelekea kwa mkunjaji. Mstari wa vistari na nukta humaanisha mkunjo wa mlima, yaani ikunjwe kwenda nyuma. Mishale huonyesha karatasi inapoelekea.

Alama hizo zilienezwa katika mataifa yanayozungumza Kiingereza na watu wawili. Mmoja ni Mmarekani Samuel Randlett, aliyeziboresha mwanzoni mwa miaka ya sitini, na ndiyo sababu mfumo huo hubeba majina yao wote wawili. Wa pili ni Robert Harbin, mfanyamazingaombwe aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1908 na kupata umaarufu jijini London.

Ua la tulipu, ambalo hufundishwa wanaoanza, linadhihirisha wepesi wa mfumo huo. Karatasi yenye pande nne sawa hukunjwa kwa mkunjo wa bonde kutoka pembe hadi pembe, ikawa pembetatu iliyolaza upande mrefu chini na kuelekeza ncha juu. Pembe ya kulia huinuliwa hadi ipite kidogo kando ya ncha ya katikati, kisha ya kushoto vivyo hivyo, na petali tatu huchomoza. Mwishowe, ncha ya chini hukunjwa nyuma kwa mkunjo wa mlima. Ni mikunjo minne tu. Hakuna gundi wala makasi, ila pale karatasi inapohitaji kwanza kukatwa iwe mraba.

Yoshizawa hakuishia kwenye mambo mepesi. Alivumbua mbinu ya kulowesha kidogo karatasi nzito kabla ya kuikunja. Karatasi iliyolainika hivyo hukubali kupinda kwa mviringo, na ikikauka hubaki na umbo lake. Kwa mbinu hiyo petali ziliacha kuwa bapa, na wanyama wake wakapata mashavu, mabega na migongo inayofanana na ya viumbe hai.

Inakadiriwa kwamba alibuni maumbo zaidi ya 50,000, ingawa ni mia chache tu yaliyochorwa na kuchapishwa katika vitabu vyake 18. Kazi zake halisi hakuziuza. Alizitoa zawadi au kuziazima kwa maonyesho, kana kwamba alikuwa akiwaaga wanawe. Mtu aliyewahi kuchuuza kitoweo ili apate mlo wa jioni alikataa kuichuuza sanaa yake. Serikali ya Japani ilimtumia nchi za nje kama balozi wa utamaduni, na mwaka wa 1983 Mfalme Hirohito akamtunuku Nishani ya Jua Linalochomoza.

Maisha yake yana funzo kwa maeneo kama Uriri, mji ulio kando ya barabara kuu ya Kisii kuelekea Isebania, ambako wazazi wengi hutegemea mashamba kulipia mahitaji ya shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka wa 2019, unawataka watoto watengeneze vitu kwa mikono yao, na mara nyingi wazazi hulalamikia gharama ya vifaa. Ukurasa wa daftari lililokwisha, ukikatwa mraba, unatosha kwa ua moja, na kijiti kikavu kinatosha kuwa shina. Tena mwalimu anayelikunja pamoja na wanafunzi wake huwa amefundisha nusu, robo na pembe mraba kabla ya kuandika lolote ubaoni, jinsi Yoshizawa alivyowafunza vibarua wa Tokyo.

Miaka 20 ya ufukara ingetosha kumfanya mtu yeyote arudi kiwandani. Yoshizawa hakurudi. Kwa sababu hiyo, asiye na mwalimu leo anaweza kufungua kitabu, kufuata vistari na mishale, na kuinuka na ua mkononi.