Mtakatifu Charles de Foucauld: Ofisa Aliyeshika Mkia

Charles de Foucauld alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858. Mwaka 1864 alifiwa na baba na mama, akalelewa na babu yake, kanali mstaafu.

Mwaka 1876 alifaulu mtihani wa kuingia Saint-Cyr, chuo kilichochuja vijana wa kuwa maofisa wa jeshi. Mwaka 1878 akapelekwa Saumur, shule ya askari wapanda farasi. Huko alipenda karamu kuliko mazoezi, akamaliza wa 87 kati ya 87.

Mwaka 1881, akiwa Algeria, aliambiwa amwache mwanamke aliyeishi naye. Akakataa, akaondolewa kazini. Lakini aliposikia kikosi chake kinakwenda vitani, aliomba kurudi. Vitani alivumilia kiu na joto, akawajali askari wake. Nidhamu ambayo shule haikuweza kumtia, aliipata alipotambua kwamba wenzake wanamhitaji.

Oktoba 1886, mjini Paris, aliungama kwa Padre Huvelin. Mwaka 1890 aliingia kwa Watrapisti, mwaka 1901 akapewa upadre. Aliishi Sahara kati ya Watuareg, akiandika kamusi ya lugha yao, bila kupata mwenzake wa kudumu. Aliuawa Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Ndugu mseminari, walezi hukupa ratiba, masomo na maonyo. Lakini swali la nani unamfanyia yote hayo, hakuna mlezi anayeweza kulijibu kwa niaba yako.