John Okello: Fundi rangi kutoka Uganda aliyetangaza Mapinduzi Zanzibar, kisha akaambiwa ni mgeni

Muulize bodaboda yeyote pale Mkolani nani aliongoza Mapinduzi ya Zanzibar, atakujibu Karume. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni.

Lakini sauti iliyotikisa visiwa kupitia redio Januari 12, 1964 haikuwa ya Abeid Amani Karume. Ilikuwa ya kijana wa miaka 26 hivi, Mkristo, mwenye lafudhi iliyowafanya Waunguja waulizane huyu katoka wapi. Alijiita Field Marshal. Jina lake John Okello, mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda.

Okello alizaliwa mwaka 1937. Alifiwa na wazazi akiwa bado mtoto na kuondoka nyumbani akiwa kijana mdogo. Kuanzia hapo alihangaika kama vijana wengi wanavyohangaika hadi leo: kazi za ndani, bustani, cherehani, ujenzi. Alizunguka Uganda, akaingia Kenya, na Nairobi akaonja jela. Mwaka 1959 akavuka bahari kwenda Pemba kutafuta riziki.

Visiwa alivyovikuta vilikuwa na moto chini ya majivu. Sultani alikuwa wa ukoo uliotoka Oman, na Uingereza ilikuwa mlinzi wake tangu 1890. Mashamba makubwa ya karafuu mengi yalikuwa ya Waarabu, biashara kubwa ilikuwa ya Wahindi. Msimu wa kuchuma ukifika, wanaingia vibarua kutoka bara, wakiwemo Wanyamwezi, na wengine hawakurudi tena makwao.

Sasa usifikiri ilikuwa Waarabu upande huu na Waafrika upande ule, basi. Wenyeji wengi, hasa Pemba, walijiita Washirazi na hawakutaka kuwekwa kapu moja na watu wa bara. Chama cha ZNP kiliongozwa zaidi na Waarabu lakini kilikuwa na wafuasi Waafrika kibao. ASP ya Karume, iliyoundwa 1957, ilikusanya Waafrika wenye asili ya bara na sehemu ya Washirazi. Washirazi wengine wakajitenga na kuunda ZPPP, wakashirikiana na ZNP. Okello mwenyewe alianzia ZNP kabla ya kuhamia ASP!

Kila uchaguzi ulizidisha chuki. Ule wa Juni 1961 ulifuatiwa na vurugu zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana kwenye majimbo machache. Serikali ikaenda kwa ZNP na ZPPP, Waziri Mkuu akawa Mohammed Shamte. Desemba 10, 1963 Uingereza ikashusha bendera, Sultani Jamshid akabaki juu.

Halafu serikali mpya ikafanya kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoimaliza. Ilianza kuwaondoa polisi wenye asili ya bara. Yaani unamfukuza askari kwa sababu ya alikotoka, wakati anajua ghala la silaha liko wapi na linalindwa na wangapi.

Okello alikuwa amehamia Unguja mwaka huo wa 1963, akifanya kazi ya kupaka rangi na kujihusisha na chama cha wafanyakazi wa rangi. Huko akakusanya watu: vibarua, vijana wa ASP na baadhi ya askari hao walioachishwa kazi. Usiku wa kuamkia Januari 12 wakavamia kambi ya polisi Ziwani wakiwa na mapanga, marungu, mikuki na pinde. Bunduki walizipata humo humo ndani. Mtoni nako kukaangukia mikononi mwao, na redio pale Raha Leo pia. Sultani akakimbilia kwenye meli yake na safari yake ikaishia Uingereza.

Hotuba za Okello redioni zilikuwa za kutisha. Alitaja adhabu za kunyongwa na kuchomwa moto kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Na mitaani watu walikuwa wanakufa kweli. Wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu, wakiwemo Wamanga, ambao wengi wao walikuwa na viduka vidogo mashambani na hawakuwa mabwana wa karafuu. Maduka ya Wahindi yaliporwa. Makadirio ya vifo yanapishana sana, kuanzia elfu chache hadi zaidi ya 10,000. Maelfu wengine wakahama, na ndiyo maana leo ukifika Muscat unakuta watu wanaongea Kiswahili cha Unguja. Hili la mauaji huwezi kulivuka ukimsifia Okello, na wapo wanaojaribu.

Karume alitangazwa Rais, Abdulla Kassim Hanga akawa Waziri Mkuu, Abdulrahman Babu akachukua mambo ya nje. Okello akabaki na cheo chake cha kijeshi na vikosi vyake, akizunguka hadi Pemba, ambako watu walichapwa bakora na kudhalilishwa.

Wanasiasa walimvumilia kwa wiki chache tu. Kwao alikuwa mzigo: hana elimu kubwa, si Mwislamu katika visiwa vya Waislamu, Kiswahili chake kinachekwa, na juu ya yote si wa hapa. Machi 1964 alisafiri kwenda bara. Aliporudi Zanzibar akazuiwa kuingia. Mapinduzi yaliyofanywa kwa jina la Waafrika yalikuwa yamempata Mwafrika wa kumfukuza kama mgeni. Wiki chache baadaye, Aprili 26, Zanzibar yenyewe ikaungana na bara.

Historia rasmi ikasimulia Kamati ya Watu 14 chini ya Karume, na Okello akawekwa pembeni. Wapo wanaosema alipewa nafasi ya redioni tu na mipango ilikuwa ya wengine. Yeye alidai yote ni kazi yake, akaandika kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967.

Kenya walimfunga, na nyumbani Uganda nako serikali haikumtaka. Mwaka 1971 alionekana akiwa na Idi Amin, aliyekuwa ametoka kuipindua serikali ya Milton Obote, naye mtu wa Lango. Baada ya hapo kimya. Inaaminika aliuawa mwaka huo, akiwa na miaka 34 hivi, na hakuna kaburi la kuonyesha.