Daktari Wilson na Mayai ya Pengwini

Pengwini ni ndege, ingawa hawezi kuruka. Mabawa yake ni mafupi na magumu, naye huyatumia kuogelea. Pengwini mkubwa kuliko wote huitwa kaisari. Makao yake ni Antaktika, bara la barafu lililoko kusini kabisa mwa dunia. Mmoja wa watu wa kwanza kuchunguza maisha ya ndege huyu alikuwa Edward Wilson.

Wilson alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Cheltenham, Uingereza. Tangu utotoni alipenda kuwatazama ndege na kuwachora. Alisomea udaktari, lakini kabla hajamaliza alishikwa na kifua kikuu. Alipopata nafuu alirudi masomoni, na mwaka 1900 akafuzu. Mwaka uliofuata alisafiri kwa meli kwenda Antaktika pamoja na Kapteni Robert Scott, akiwa daktari, mchoraji na mtaalamu wa wanyama.

Mwezi Septemba 1903 Wilson alifika Rasi Crozier, mahali ambapo pengwini kaisari hukusanyika ili kuzaana. Alitumaini kupata mayai, lakini alikuta vifaranga. Basi akafikiri hivi: ikiwa vifaranga wamekwisha kuanguliwa, bila shaka mayai hutagwa katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo jua halionekani kabisa huko. Hakuna aliyemwambia jambo hilo. Alilitambua kwa kutazama na kupima mambo.

Wilson alikuwa na swali kubwa zaidi. Wataalamu wengi wa siku zile walidhani kwamba kiinitete, yaani kifaranga anayeendelea kukua ndani ya yai, hupitia maumbo ya wazazi wake wa kale. Wilson alitumaini kwamba viinitete vya kaisari vingeonyesha jinsi ndege walivyotokana na reptilia. Ili kupata jibu, ilimpasa kuyafuata mayai hayo gizani.

Tarehe 27 Juni 1911, Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard walianza safari wakikokota mizigo yao juu ya barafu. Walikwenda kama kilomita 100 kwa muda wa siku 19. Baridi ilifikia nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri. Nguo zao ziliganda zikawa ngumu kama mbao. Huko Rasi Crozier walichukua mayai 5, lakini 2 yalivunjika. Kisha tufani ikalichukua hema lao. Bila hema wasingeweza kurudi salama. Tufani ilipotulia walilitafuta, wakalikuta chini ya mteremko. Tarehe 1 Agosti walifika kambini wakiwa hai, na mayai 3.

Wilson hakuishi kulijua jibu. Mwezi Januari 1912 alifika Ncha ya Kusini pamoja na Scott na wenzao 3. Walipokuwa wakirudi, wote 5 walifariki njiani. Wilson alikuwa na umri wa miaka 39. Watu waliokwenda kuwatafuta walikuta mizigo yao ikiwa na mawe, yapata kilo 16, baadhi yake yakiwa na alama za mimea ya kale. Hawakuyatupa mawe hayo hata nguvu zilipowaishia.

Mwaka 1913 mayai 3 yalifikishwa London. Wataalamu walipoyachunguza, hawakuona alichotumaini Wilson. Leo tunajua kwamba kweli ndege walitokana na reptilia, lakini kiinitete hakipitii maumbo ya wazazi wake wa kale kama walivyodhani.

Je, kazi ya Wilson ilipotea bure? La. Mwanasayansi huuliza, huchunguza, kisha hukubali jibu analolipata. Tena, alilolitambua mwaka 1903 limethibitika. Kaisari jike hutaga yai moja wakati wa baridi. Dume huliatamia juu ya miguu yake kwa muda wa miezi 2 hivi bila kula. Madume husongamana pamoja ili wapate joto.

Zoezi

1. Wilson alijuaje kwamba kaisari hutaga wakati wa baridi?

2. Chukueni makopo 8 yanayolingana. Mwalimu ayajaze maji ya moto. Wekeni makopo 7 yakiwa yamegusana, na moja peke yake. Baada ya nusu saa, pimeni joto la kopo la katikati na la lile lililo peke yake. Lipi lina joto zaidi? Kwa nini?